Ofisi ya mawakili niliyoitumia Dodoma kukazia hukumu, mdaiwa akifungua kesi juu ya kesi

Hukumu niliyoshinda Machi 2021 ilikuwa na kurasa kumi na saba, na kwa miezi kumi na minne ilikaa kwenye kabati la wakili wangu wa kwanza bila kufanyiwa kazi yoyote. Nilikuwa nimemuuzia mkandarasi mmoja saruji, nondo na bati kwa ajili ya nyumba alizokuwa akijenga Ilazo na Kisasa, katika ile miaka ambayo serikali ilikuwa ikihamia Dodoma na kila aliyekuwa na pikipiki na futi kamba alijiita mjenzi. Mahakama iliamuru anilipe shilingi milioni 46, riba na gharama za kesi. Hakukata rufaa. Nilidhani kimya chake kilikuwa cha mtu aliyekubali deni. Kumbe alikuwa anasubiri tu nimguse ndipo aanze.

Tathmini hii inahusu ofisi mbili za mawakili na dalali mmoja wa mahakama, wote wa hapa mjini. Sitawataja majina, kwa kuwa ninayolalamikia ni yangu mimi na wao, na ninayoyasifu hayafuti kasoro zilizokuwapo. Ninaandika kwa ajili ya mfanyabiashara mwenye hukumu mkononi asiyejua kwamba kuna huduma ya pili ya kununua baada ya ile ya kushinda kesi, yaani kukazia hukumu, kumfanya mdaiwa alipe kilichoamriwa, na kwamba huduma hiyo ya pili ni ngumu zaidi. Namba za vifungu ninazotaja ni za Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, toleo la 2019.

Ofisi ya kwanza ilinitoza shilingi milioni 4.5 kuendesha kesi ya msingi, na kwa kazi hiyo sina neno baya: ushahidi ulipangwa vizuri, stakabadhi zangu za kupokelea mzigo zilipokelewa zote, na wakili alikuwa akifika kabla ya hakimu. Tatizo lilianza siku ya hukumu, kwa sababu kwao siku hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa safari. Nilipouliza lini nitalipwa niliambiwa nisiwe na haraka, maana sheria ya ukomo, ile inayoweka muda wa mwisho wa kwenda mahakamani, inatoa miaka 12 kukazia tuzo, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu. Maelezo hayo ni kweli tupu, na ndiyo yaliyoniumiza. Ile Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kwenye sehemu yake iitwayo Amri ya XXI, Kanuni ya 20, inasema kwamba maombi ya kukazia yakipelekwa baada ya mwaka mmoja tangu tarehe ya tuzo, mdaiwa lazima kwanza aitwe aeleze kwa nini hukumu isikaziwe. Maombi yetu yaliingia Mei 2022. Wito ukatoka, mdaiwa akaupokea Juni, na Julai lori lake aina ya Fuso likahamishwa umiliki kwenda kwa shemeji yake. Tulipokuja kulikamata Septemba, kadi ilikuwa na jina jingine.

Kosa la pili la ofisi hiyo lilikuwa kubwa zaidi. Katika orodha ya mali za kukamata waliandika nyumba ya Nkuhungu, ambako mdaiwa aliishi na mkewe na watoto wanne. Kifungu cha 48 kinaikinga nyumba ya makazi ya mdaiwa, mke wake na watoto wanaomtegemea isikamatwe wala kuuzwa, kama kinavyokinga nguo, vyombo vya kupikia, matandiko na zana za fundi. Wakili hakuniambia. Mke wa mdaiwa alipoleta pingamizi nilikasirika sana, nikamwona kuwa ni sehemu ya njama ya mumewe, na nikalipa fedha za ziada ili apingwe. Leo nakiri kwamba mama yule alikuwa na haki kamili na sisi ndio tuliokuwa tukipoteza muda wa mahakama. Alishinda, shemeji naye akashinda kwa kadi yake ya gari, na Machi 2023, miaka miwili kamili baada ya hukumu, nilikuwa sina kitu isipokuwa ankara ya dalali ya kuvuta na kuhifadhi lori ambalo halikuwa letu tena.

Kuhusu dalali nitasema kwa ufupi. Madalali wa mahakama wanaongozwa na Kanuni za mwaka 2017, Tangazo la Serikali Na. 363, na malipo yao hayatokani na mapatano ya kando ya barabara. Huyu wangu aliomba fedha ya mafuta, fedha ya vijana wa kusukuma gari na fedha ya chakula, na stakabadhi alitoa nilipoisisitiza kwa mara ya tatu. Kazi ya kukamata aliifanya bila fujo na bila kumdhalilisha mtu, jambo ambalo wengi hawalitegemei. Lakini alikuwa na woga mmoja uliotugharimu, nitakaoueleza mbele.

Ofisi ya pili nilielekezwa na muuza mbao mwenzangu wa Majengo, ambaye naye alikuwa amezungushwa hadi akachoka. Iko ghorofa ya pili, ngazi hazina taa, na karani wa mapokezi ni mama wa makamo anayekusalimu «mbukwa», salamu ya Kigogo, hata kama uso wako unaonyesha wazi kwamba umetoka Kilimanjaro. Nilikwenda Juni 2023 nikiwa na faili lenye unene wa tofali. Wakili mwenyewe, mwanamke asiyependa maneno mengi, hakuniuliza nadai kiasi gani. Aliuliza: «Mzee wangu, huyu mtu ana nini ambacho ni chake peke yake?» Sikuwa na jibu. Akasema hatapeleka ombi lolote mahakamani kabla ya kupata jibu hilo, kwa sababu, kwa maneno yake, kesi za nyuma ya hukumu huota mahali ambapo maombi ya kukazia yalipandwa vibaya.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilichokuwa nikinunua. Mdaiwa anayefungua shauri jipya ili kuchelewesha hukumu huwa hana hoja mpya juu ya deni lenyewe, kwa sababu mlango huo umefungwa na kifungu cha 9: jambo lililokwisha kuamuliwa kati ya wahusika walewale, kwa haki ileile, na mahakama yenye mamlaka, halifunguliwi tena. Mahakama ya Rufani ililieleza hilo katika shauri la Peniel Lotta dhidi ya Gabriel Tanaki na wenzake, lililomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 2003, kwamba lengo lake ni kuzuia wingi wa mashauri na kuyafikisha mwisho. Basi mdaiwa mjanja huachana na deni na kuhamia kwenye mali. Atamtafuta shemeji, mnunuzi, mpangaji, mwenza, mtu yeyote ambaye hakuwa kwenye kesi ya kwanza na ambaye kwa hiyo hukumu haimfungi. Ukikamata mali yenye mikono mitatu juu yake, umempa mashahidi watatu. Ukikamata mali yenye jina moja, humpi kitu cha kushika.

Kwa shilingi laki 6, nje ya ada nyingine, walifanya upekuzi wa umiliki, au sachi kama wenyewe wanavyoita, kwenye ardhi na kwenye usajili wa magari. Ilichukua wiki saba na nililalamika kila wiki. Matokeo yalikuwa kiwanja kimoja Nzuguni chenye hati kwa jina la mdaiwa peke yake, kisicho na rehani wala zuio lililosajiliwa, hakijajengwa, hakuna anayeishi hapo. Pamoja na malipo ambayo taasisi moja ilikuwa bado haijamlipa kwa kazi ya ukarabati. Maombi yalipelekwa Agosti 2023, yakiomba kiwanja kikamatwe na fedha zile zishikiliwe zilipo. Nyumba ya Nkuhungu haikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Kama ilivyotarajiwa, mashauri yakaanza.

La kwanza lilikuwa la mdaiwa mwenyewe, katika mahakama nyingine kabisa, akidai kwamba baada ya hukumu alinilipa shilingi milioni 20 taslimu mbele ya watu wawili, na kwamba mahesabu yafanywe upya. Aliambatanisha maombi ya zuio la muda kwa hati ya dharura. Hapa ofisi ilifanya kazi ambayo ningeilipia mara mbili. Ndani ya siku tatu walikuwa wamejibu kwa pingamizi la awali, la kutaka shauri liondolewe kwa hoja za kisheria kabla ya kusikilizwa, lenye hoja zilizokaa kwenye ukurasa mmoja na nusu. Kifungu cha 38 kinataka maswali yote kati ya wahusika wa kesi yanayohusu kukaziwa, kulipwa au kumalizika kwa tuzo yaamuliwe na mahakama inayokazia, na si kwa shauri jingine. Kanuni ya 2 ya Amri ya XXI inasema malipo yaliyofanyika nje ya mahakama bila kuthibitishwa na kuandikwa huko hayatambuliwi na mahakama inayokazia. Kwa hiyo hata kama zile milioni 20 zingekuwapo, na hazikuwapo, alipaswa kuzipeleka zikaandikwe. Na ile Kanuni ya 27, ambayo wakili wake aliitegemea sana kwa kuwa inaruhusu ukaziaji kusimamishwa pale mdaiwa anapokuwa na shauri dhidi ya mwenye tuzo, wakili wangu aliijibu kwa kuisoma taratibu: inazungumzia mwenye tuzo ya mahakama hiyo, inasema mahakama yaweza na si lazima, na inaruhusu masharti ya dhamana. Mdaiwa alikuwa amekwenda mahakama isiyotoa tuzo, na hakuwa amejitolea kuweka dhamana ya hata shilingi moja. Shauri liliondolewa kwa gharama baada ya miezi minne.

Miezi minne ni mingi, na hapa ndipo woga wa dalali unapoingia. Mara tu alipopelekewa nakala ya hati ya madai, dalali alisimamisha matangazo ya mnada na kuniambia kwa upole kwamba «mambo yako mahakamani, tusubiri». Nilikuwa tayari nimekubali, kwa sababu miaka yote hiyo ndivyo nilivyofundishwa: kesi ikifunguliwa, kila kitu husimama. Wakili wangu aliandika barua siku hiyohiyo kumkumbusha kwamba kufungua kesi si amri ya kusimamisha, na kwamba karatasi pekee ya kumzuia ni ile iliyotiwa saini na hakimu au jaji. Hata rufaa yenyewe haisimamishi utekelezaji. Anayekwenda Mahakama ya Rufani hufuata Kanuni ya 11 ya Kanuni za mwaka 2009: aombe ndani ya siku 14 tangu apewe taarifa ya ukaziaji au ajue kwamba maombi yapo, aonyeshe hasara kubwa atakayopata, na aweke dhamana. Ikiwa mtu mwenye rufaa anadaiwa hayo yote, anayefungua shauri jipya hawezi kupata zaidi kwa kugongewa muhuri wa mapokezi. Dalali alirudisha matangazo. Naamini kwamba nusu ya ucheleweshaji unaolalamikiwa mjini hapa hautokani na amri za mahakama hata kidogo. Unatokana na watu kusimama wenyewe kabla ya kuambiwa wasimame.

Shauri la pili lilikuwa tamu zaidi, kama naruhusiwa kulisema hivyo sasa nikiwa nimeketi. Alijitokeza mtu aliyedai kuwa alikwisha kununua kiwanja cha Nzuguni kabla hata ya hukumu, na akaleta mkataba wa mauziano wa Agosti 2019, ulioandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Wasomaji wa Dodoma wanaijua mikataba hiyo. Tangu CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyokuwa ikigawa viwanja, ilipovunjwa mwaka 2017 na kazi zake kuhamia halmashauri, na bei za viwanja kupanda huku watu wakihama na kuhamia, mauziano mengi yamebaki kwenye karatasi za mtaa kwa miaka bila kufika kwenye usajili, na mengi kati yake ni ya kweli. Kwa hiyo pingamizi la namna hiyo si la kudharau. Chini ya Kanuni ya 57 ya Amri ya XXI na zinazofuata, mahakama hulichunguza, na mpingaji anapaswa kuonyesha kwamba siku mali ilipokamatwa alikuwa na maslahi nayo au aliishikilia.

Wakili wetu aliutazama mkataba kwa muda mrefu, kisha akamtuma kijana wa ofisini kwenda mtaani kuuliza swali moja tu: mwenyekiti aliyetia saini aliingia madarakani lini? Jibu lilikuwa kwamba alichaguliwa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 24, 2019. Alikuwa ametia saini na kugonga muhuri, kama mwenyekiti, miezi mitatu kabla ya kuwa mwenyekiti. Ongeza hapo kwamba ushuru wa stempu haukuwa umelipwa, jambo linalouzuia mkataba kupokelewa kama ushahidi hadi ulipiwe, na kwamba kiwanja kilikuwa pori la miiba lisilo na hata kigingi kipya. Pingamizi lilitupwa. Mnunuzi akatumia haki yake ya Kanuni ya 62, ambayo inamruhusu aliyeshindwa kwenye pingamizi kufungua shauri la kuthibitisha haki yake, na akaomba zuio tena. Haki hiyo ni halali na sina ugomvi nayo. Alipewa amri ya siku 14 upande mmoja ukisikilizwa, halafu pande zote ziliposikilizwa hakuvuka vigezo vitatu vinavyofuatwa tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969: kwamba kuna swali zito la kuamuliwa na uwezekano wa kushinda, kwamba bila zuio atapata hasara isiyofidika, na kwamba mizani ya usumbufu inaelemea upande wake. Mwenyekiti alipoombwa aitwe kama shahidi, mnunuzi aliliondoa shauri mwenyewe.

Mnada ulifanyika Oktoba 2024, baada ya tangazo la siku 30 linalotakiwa kwa mali isiyohamishika. Mshindi aliweka asilimia 25 palepale nyundo ilipogonga, na iliyobaki akaimaliza ndani ya siku 15. Kiwanja kilitoa milioni 31, na fedha zilizoshikiliwa kule kwenye taasisi zilitoa milioni 9 na ushei. Nilipokea Februari 2025, karibu miaka minne tangu hukumu.

Sasa kasoro za ofisi hii, maana zipo. Ada ya kukazia ilikuwa milioni 2.5, lakini kila shauri lililofunguliwa na upande wa pili lilitozwa laki 8 peke yake, na jambo hilo nililijua siku ya shauri la kwanza, si siku ya kuajiri. Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 ipo na sisemi waliivuka. Nasema tu kwamba mteja anayekuja kwa sababu ya kesi nyingi anapaswa kuambiwa mapema bei ya kesi nyingi. Mara mbili siku ya kutajwa alitumwa wakili kijana asiyekuwa na jalada, na mara moja kati ya hizo tuliahirishwa wiki tano kwa sababu hakuweza kujibu swali la hakimu kuhusu tarehe. Simu hawapokei baada ya saa tisa. Nyaraka zote nilizopewa zilikuwa za Kiingereza, ilhali sheria ilirekebishwa mwaka 2021, hapahapa Dodoma bungeni, ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Nilipoomba muhtasari wa Kiswahili nilipewa, mzuri na mfupi, lakini ilibidi niombe.

Kuna jambo jingine walilonishauri ambalo mteja mwenye hasira halipendi kusikia. Nilitaka mdaiwa apelekwe gereza la madai. Wakili alinieleza kwamba mwenye tuzo ndiye anayeweka mahakamani fedha ya kumlisha mfungwa wake, na kwamba mkandarasi aliyeko ndani hapati kazi ya kukulipia. Alisema uamuzi ni wangu. Nilitoka, nikanywa chai pale chini, nikahesabu, nikaacha.

Ukiniuliza nyota, ofisi ya kwanza naipa mbili, zote kwa kesi ya msingi. Dalali tatu. Ofisi ya pili nne, na ingekuwa tano kama bei ya mashauri ya ziada ingekuwa kwenye mkataba wa kwanza. Salio la deni, pamoja na riba na gharama, bado linadaiwa, na tumekubaliana na mdaiwa, safari hii mbele ya mahakama na kwa maandishi, alipe laki 5 kila mwezi. Hadi naandika haya hajaruka mwezi. Atakayekwenda kwao aende asubuhi, Jumatatu hadi Alhamisi, kwa kuwa Ijumaa mchana wakili mkuu hayupo, na abebe nakala zilizothibitishwa za hukumu na tuzo, maana bila hizo yule mama wa mapokezi atakusalimu vizuri na kukurudisha nyumbani.